Juhudi za Pamoja, au za Mmoja?



Juma hili tunaomba ruhusa ya kuzungumzia lugha, tena lugha ya Kiingereza, kwa kuwa wengi wenu huandika kwa lugha hiyo taarifa za vikundi na barua za kuomba misaada. Yapo maneno ambayo Waingereza huyaunganisha wanapotaka kusema kwamba watu kadhaa wamekaza nia kufanya kazi moja: "joint effort", "pull together", "all hands on deck", "concerted effort". Kwetu yote hayo hufasiriwa kwa maneno yale yale, juhudi za pamoja, kisha tunaendelea na mengine. Sisi tunaona kwamba hapo pana hasara.

"Joint" latokana na Kilatini, na maana yake ni kuunganishwa. Wawili wakishika gogo moja, latosha. "Pull together" lina picha ya watu wanaovuta kwa mpigo mmoja, na aliyewahi kupanda mtumbwi anajua kwamba makasia yanayopigwa kila moja kwa wakati wake huwachosha wapigaji bure. "All hands on deck" ni amri ya merikebuni, ambamo baharia alihesabiwa kuwa ni mikono tu. Hakuna aliyemwuliza anaonaje.

Lakini "concerted" ni neno la namna nyingine. Limepitia Kifaransa na Kiitaliano, na katika Kiitaliano "concertare" ni kupanga jambo kwa mapatano. Ni ndugu wa jina la tamasha la muziki. Mwanakwaya yeyote ataelewa mara moja. Katika wimbo wa sauti nne, besi hawaimbi wanachoimba soprano. Kila sauti ina njia yake, na kuna mahali ambapo wengine hunyamaza kabisa ili wengine wasikike. Umoja wao haukuzaliwa siku ya Dominika. Ulizaliwa katika mazoezi, jioni baada ya jioni, pamoja na ugomvi wote wa mazoezi ambao wanakwaya wenyewe wanaujua kuliko sisi. Kwa hiyo juhudi iliyo "concerted" si lazima iwe ya watu wengi sana. Sharti lake ni kwamba waliomo wamekubaliana kabla ya kuanza: nani atafanya nini, na lini.

Tena kuna jambo la ajabu. Katika Kilatini chenyewe "concertare" kulikuwa ni kushindana na kubishana. Neno lilianza katika mabishano likaishia katika makubaliano, na hatudhani kwamba hiyo ni ajali tupu.

Siku hizi, hata hivyo, Mwingereza mmoja peke yake husema kwamba atafanya "concerted effort" ya kuamka mapema. Amekubaliana na nani? Wapo walimu wa Kiingereza wanaolikataa tumizi hilo, na wapo wanaosema lugha husonga. Hatuna ugomvi na wenye lugha yao. Tunaloliona ni kwamba neno limebaki na bidii yake, ila wenzake wameondoka.

Na si hilo tu. Mwaka 1938, China ikiwa vitani na Japani, Rewi Alley wa New Zealand na wenzake walisaidia kuanzisha vyama vya ushirika vya viwanda. Jina refu la Kichina la vyama hivyo lilifupishwa kuwa silabi mbili, ya kwanza ikiwa ni kazi na ya pili ikiwa ni pamoja. Ofisa wa Marekani, Evans Carlson, aliyekuwa ameona kazi hiyo China, aliwapa askari wake silabi hizo ziwe mwito wao mwaka 1942. Aliwapunguzia maofisa upendeleo, akaitisha mikutano ambamo askari wa kawaida waliweza kusema wazi. Ndivyo "gung ho" lilivyoingia katika Kiingereza. Leo likitajwa, huwa ni kumweleza mtu mwenye pupa, anayejitupa kazini bila kufikiri. Mikutano imesahauliwa, pupa ndiyo iliyobaki.

Tusiwacheke. Harambee ulikuwa mwito wa watu wanaovuta au kuinua mzigo mzito, na Kenya ikauandika katika nembo yake ya taifa. Baadaye kwa wengi likawa jina la mkutano ambao mtu mmoja mwenye fedha huja kuonekana akitoa, na waliouvuta mzigo hupiga makofi.

Ndiyo sababu taarifa zetu zinatusumbua. Tunasoma kwamba jumuiya imefanya juhudi za pamoja kujenga ukuta, na tunajua, kama ninyi mnavyojua, kwamba akina mama watatu wamebeba maji wiki nzima na fundi amemaliza peke yake. Sentensi hiyo huwanyima wale watatu sifa yao, na hao wengine huwapa kisingizio. Lililo baya zaidi, mwaka unaofuata hakuna anayeitisha kikao cha kugawana kazi, maana karatasi inasema kwamba umoja tunao.

Kwa "concerted effort" sisi tungependekeza juhudi tulizopatana. Juhudi za mapatano hazifai, maana msikilizaji atadhani kuna watu wanasuluhishwa. Lakini kupatana ni neno la sokoni, na kila mtu analijua: mwenye kitambaa hutaja bei yake, mnunuzi hutaja yake, hubishana, pengine mmoja hujifanya anaondoka, na mwishowe huifikia bei ambayo wote wawili wanaweza kuitaja kesho bila kugeuka.