Acheni kumlaumu fundi, namba K mliiacha wenyewe

Kuna wimbo nimechoka kuusikia kutoka kwa wachoraji wa CAD. Kisanduku cha chuma kimetoka karakana, kifuniko hakiingii, na papo hapo hukumu inatolewa: fundi ameharibu. Halafu fundi huyo huyo anakatwa pesa ya bamba. Jamani!

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, kwa hivyo niwaambie siri moja ya ukoo wetu. Namba unayoikuta imeshajazwa kwenye mipangilio si sayansi. Imewekwa pale ili programu isikwame ukibonyeza OK. Anayeiandika hajawahi kuliona bamba lako wala mashine ya fundi wako.

Namba yenyewe inaitwa K. Ukikunja bamba, upande wa nje unavutika na wa ndani unabanwa. Katikati kuna mstari usiovutika wala kubanwa, na K inasema mstari huo uko wapi ndani ya unene. Chukua unene, zidisha kwa K, jumlisha nusu kipenyo cha ndani cha mkunjo, kisha zidisha kwa pembe iliyo katika radiani. Hapo umepata urefu wa chuma ambao mkunjo unakula. Ni hesabu ya shule ya upili, si uchawi.

Sasa tazama. Inventor huja na K ya 0.44. SolidWorks huja na 0.5. Bamba ni lile lile! Tuseme lina unene wa mm 2, nusu kipenyo cha ndani mm 2, mkunjo wa digrii 90. Kwa 0.5 mkunjo unakula mm 4.71. Kwa 0.44 ni mm 4.52. Na kama kwa kweli chuma chako kwenye mashine ile kina K ya 0.33, ni mm 4.18. Umeshapotea nusu milimita kwa mkunjo mmoja. Weka mikunjo minne mfululizo, umepita mm 2, na tundu la skrubu halitaonana na mwenzake hata uite malaika.

Wanaotumia FreeCAD nao wasicheke. Kwenye nyongeza yake ya SheetMetal unachagua ANSI au DIN, na K ya DIN ni mara mbili ya ile ya ANSI. Yaani 0.8 ya huku ni 0.4 ya kule. Ukinakili 0.8 kutoka jedwali la Wajerumani ukaichomeka pasipofaa, bamba letu litakosea zaidi ya mm 1.2 kila mkunjo.

Halafu kuna geji, ugonjwa wetu wa kurithi. Mchoraji anaandika "geji 16" na kulala usingizi. Geji 16 ya Kiingereza ni mm 1.63. Geji 16 ya chuma ya Marekani ni mm 1.52. Ya alumini huko huko Marekani ni mm 1.29. Andika milimita, na kabla ya kuandika, lipime bamba lililonunuliwa.

Na nusu kipenyo je? Wengi huweka mm 0.5 kwa sababu inapendeza kwenye skrini. Mashine nyingi za kukunjia hulisukuma bamba ndani ya mfereji wa V, na upana wa mfereji huo ndio unaoamua: kwa chuma laini, takriban asilimia 16 ya upana. Mfereji wa mm 12 utakupa karibu mm 2, utake usitake. (Mchoro unaogoma kabisa kukunjuka ni kesi nyingine. Mara nyingi unene si sawa kila mahali, au umefunga pembe zote za kisanduku bila kuacha mwanya. Hapo programu inakusaidia, usiitukane.)

Dawa inachukua nusu saa. Mwombe fundi akate kipande cha mm 100, akikunje katikati digrii 90 kwenye mashine ile ile. Pima pande mbili kwa nje. Tuseme jumla ni mm 103.7, basi zile 3.7 ndizo za kupunguza. Kwa bamba letu, nusu kipenyo na unene ni 4, mara mbili ni 8, toa 3.7, mkunjo unakula mm 4.3. Gawa kwa 1.571, toa nusu kipenyo, gawa kwa unene: K ni 0.37. Si 0.44, si 0.5.

Wakufunzi wanaotoza ada kufundisha vitufe wangeanza na kipande hicho. Na mwenye karakana anayepokea mchoro usio na K, nusu kipenyo na unene kwa milimita, aurudishe kabla ya kukata chochote. Akilazimishwa kukata, bili ya bamba iende kwa mchoraji.