Kuozwa Anafaa, Utafiti Hafai?

Jumapili iliyopita mhubiri mmoja alisimama madhabahuni akatangaza kwamba watafiti wanaowaingiza wasichana wa miaka 16 kwenye majaribio ya kinga ya VVU ni mawakala wa shetani, wamekuja kuwafungulia watoto wetu mlango wa zinaa. Kanisa zima likaitikia amina. Nilikuwemo, na hasira niliyotoka nayo haijapoa.

Amina ya nini? Baadhi ya walioitikia nawafahamu. Binti zao wanasoma shule ya kata iliyo mbali na kwao, wamepangishiwa mageto. Chumba kimoja, jiko la mchina, ndoo ya maji, na kitasa kinachofunguka kwa kijiko. Mtoto wa kidato cha pili anajipikia, analala peke yake, na unga ukiisha katikati ya mwezi wa kwanza kujua ni kijana wa bodaboda. Mlango huo hakuufungua mtafiti. Tuliufungua sisi, tuliochangishwa fedha za hosteli mwaka baada ya mwaka huku msingi uleule ukiota nyasi. Sijamsikia mhubiri yeyote akiuliza fedha hizo zimekwenda wapi.

Watu wameshika imani kwamba kumweka kijana nje ya utafiti ni kumlinda. Si kumlinda hata kidogo. Ni kumwambia asubiri, na VVU havisubiri mtu atimize miaka 18. Kwa hesabu za UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI, za mwaka 2022, kila wiki wasichana na wanawake 3,100 wa miaka 15 hadi 24 waliambukizwa Afrika kusini mwa Sahara.

Tazameni kilichotokea kwa vidonge vya kinga. Marekani iliidhinisha Truvada kwa watu wazima mwaka 2012. Walio chini ya miaka 18 waliidhinishiwa mwaka 2018. Miaka sita dawa ipo, inafanya kazi, na binti wa miaka 17 anaambiwa bado, hatujaipima kwa mtu wa umri wako. Ikaja pete ya dapivirine, inayowekwa ukeni kuzuia VVU. Ulaya ilipoikubali mwaka 2020, ilisema ni ya miaka 18 na kuendelea. Binti akaambiwa subiri tena.

Safari hii watafiti wa Uganda na wenzao wa Afrika Kusini hawakukubali. Jaribio la PURPOSE 1 liliwachukua wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25, na waliochomwa sindano ya lenacapavir, mara mbili kwa mwaka, walikuwa 2,134. Matokeo yalipotoka mwaka 2024, hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa ameambukizwa. Kwenye kundi la vidonge walipatikana walioambukizwa, kwa kuwa wengi walishindwa kuvimeza kila siku, jambo linaloeleweka kwa yeyote aliyewahi kuishi nyumba moja na mama mkali: kopo linalia ndani ya begi, na maswali yanaanza. Na kwa sababu wa miaka 16 na 17 walikuwemo, Marekani ilipoipitisha sindano hiyo Juni 2025, iliwapitishia watu wazima na vijana wenye kilo 35 kwenda juu siku ileile. Hakuna aliyeambiwa subiri.

Halafu anatokea mtu na simu janja mkononi kuniambia kwamba damu ya watoto inapelekwa kwa mumiani. Mumiani! Hadithi iliyomtisha babu yake ndiyo anayotaka imwongoze mjukuu. Mwingine anasema watoto wanapandikizwa virusi. Wanapandikizwa na nani? Kwenye jaribio la PURPOSE 1 hakuna msichana aliyeachwa na dawa bandia peke yake. Kila mmoja alipewa dawa halisi, ya sindano au ya vidonge.

Wapo wa maadili nao, wanaosema mafundisho yanatosha. Mwanza walishapima hilo. Mradi wa Mema kwa Vijana ulifundisha wanafunzi kwa miaka. Uelewa ukapanda, lakini maambukizi ya VVU hayakuonekana kupungua. Na ni Mwanza hiyohiyo ambako wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 waliingia kwenye jaribio la chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, wazazi wao wakasaini, na matokeo yao yakasaidia kuonyesha kwamba dozi moja inaweza kutosha. Watoto wetu walifanya kazi hiyo kwa heshima, na dunia ikafaidika.

Kinachonichoma zaidi ni hiyo sahihi ya mzazi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ilikubali binti wa miaka 15 aolewe mradi baba aridhie. Mahakama ya Rufani iliposema mwaka 2019 kwamba hilo linavunja Katiba, sikuona kanisa wala msikiti ukiitikia amina kwa sauti ile. Sahihi ya baba ikimpeleka mtoto kwa mwanamume wa miaka 40 inaitwa baraka. Ya mama ikimpeleka kliniki, anakopimwa na kushauriwa, inaitwa usaliti.

Watafiti wakija kwenye mkutano wa kijiji, wazazi wasinyamaze. Wawabane. Mtoto akidhurika, nani anamtibu? Fomu ya ridhaa imeandikwa kwa Kiswahili anachokielewa mama wa gengeni? Binti akisema basi, anaruhusiwa kuondoka? Utafiti ukiisha, dawa itabaki hapa au itaondoka nao? Wakishindwa kujibu, wafukuzwe mchana kweupe. Wakijibu, mama na binti yake waachwe waamue.