Utafiti wa Farasi Unatuhusu

Aliyeandika kwamba utafiti wa afya na uzazi wa farasi wa mbio ni anasa ya matajiri wa uwanja wa mbio wa Ngong Road, na kwamba haumhusu mkazi wa Thika au Ruiru, amepotoka. Ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi, huweza kuua hadi farasi 95 kati ya 100 walioambukizwa. Punda huweza kuwa na virusi vya ugonjwa huo bila kuonyesha dalili yoyote. Naye ndiye anayetuvutia mikokoteni ya maji! Utamchunguzaje farasi umwache yeye?

Tena, dawa anayodungwa mkulima aliyeumwa na kifutu kwa kawaida hutengenezwa kwa damu ya farasi.

Uzazi je? Punda hubeba mimba takriban miezi 12, akazaa mtoto mmoja. Sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 nchini Kenya; ya 2019, takriban milioni 1.2. Kati ya sensa hizo yalifunguliwa machinjio ya punda kwa soko la ngozi la China, na kwa uzazi wa polepole hivyo, waliochinjwa hawafidiwi upesi. Serikali iwape watafiti wa mifugo wa Kabete fedha, nao waanze na punda wa Thika na Ruiru.