Kipanuzi si Kitawanyishi

Ni jambo lisilopingika kwamba istilahi mbaya huzaa fikra mbaya. Aghalabu hoja hii hutetewa kwa mifano ya isimu, ilhali uhandisi una mfano ulio bayana zaidi. Kipo kifaa ambacho kazi yake ni kupokea maji au hewa iendayo kasi kutoka bomba jembamba na kuifikisha katika bomba pana, kasi ikiwa imepungua na shinikizo limeongezeka. Wahandisi hukiita difyuza. Anayelitafsiri jina hilo neno kwa neno hupata “kitawanyishi”, na hapo ndipo upotovu unapoanza, kwa kuwa kutawanyika ovyo kwa mkondo ndiko hasa msanifu wa kifaa hicho anakopigana nako.

Hebu ichunguzwe kazi yenyewe. Eneo la mdomo wa bomba likiongezeka mara mbili, kasi ya maji hupungua hadi nusu, na nishati ya mwendo husalia robo. Robo tatu nyingine lazima ziende mahali. Bomba likipanuka taratibu, sehemu kubwa yake hugeuka kuwa shinikizo, na shinikizo ni mali: pampu haihitaji kuisukuma upya kazi ambayo imekwisha kulipiwa. Bomba likipanuka ghafla kama kidato cha ngazi, kiasi cha robo ya nishati ya awali hupotea katika maji yanayojizungusha bure pembeni, hatimaye yakawa joto lisilomfaa mtu.

Siri imo katika maji yaliyo karibu na ukuta, yaani lile tabaka jembamba ambalo Mjerumani Ludwig Prandtl alilieleza mwaka 1904. Maji hayo yamekwisha kuchoshwa na msuguano, na mbele yao shinikizo linazidi kupanda. Hali yao ni ya mchukuzi aliyechoka anayeambiwa apande mlima. Mlima ukiwa wa wastani, maji ya katikati huyakokota yakafika. Ukiwa mkali, husimama, hugeuka nyuma, na mkondo hubanduka ukutani. Kuanzia hapo mkondo hukimbia katikati tu, kana kwamba bomba halikupanuka kamwe. Majaribio ya A. H. Gibson huko Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 20, yalionyesha kwamba bomba la duara hupoteza nishati kidogo zaidi pembe baina ya kuta zake ikiwa takriban digrii 6. La ajabu ni kuwa pembe ya digrii 60 hupoteza zaidi ya upanuzi wa ghafla! Anayepanua nusunusu huumia kuliko asiyejaribu.

Maarifa haya si mageni. Frontinus, aliyekabidhiwa usimamizi wa maji ya Roma mwaka 97, aliandika kuhusu sheria iliyotaka bomba linalofuata mdomo rasmi wa shaba liwe na upana uleule kwa futi 50. Sheria hiyo ilikuwa na maana, kwani bomba linalopanuka mara tu baada ya mdomo huvuta maji mengi kuliko kipimo alicholipia mteja. Mwitaliano Giovanni Battista Venturi alilithibitisha jambo hilo kwa majaribio aliyoyachapisha mwaka 1797.

Wapo watakaodai kwamba upanuzi wa taratibu hula nafasi na chuma. Dai hili lina ukweli wake. Bomba la sentimita 10 likitaka kuongeza eneo mara mbili kwa pembe ya digrii 7, huhitaji urefu wa takriban sentimita 34. Hata hivyo, chuma hununuliwa mara moja, na umeme hulipiwa kila mwezi. Pasipo na nafasi kabisa, mabamba ya kuugawa mkondo katika vichochoro vyembamba husaidia, kwa sababu kila kichochoro hubaki na pembe yake ndogo. Kulikata bomba na kutumaini heri si usanifu.

Nchini Kenya gharama ya jambo hili iko karibu. Katika kituo cha Kindaruma kwenye Mto Tana, kilichoanza kuzalisha umeme mwaka 1968, maji yakishazungusha turbini huteremkia katika njia inayopanuka kabla ya kurudi mtoni. Kimo cha maporomoko kinapokuwa kifupi, kama hapo, nishati ya mwendo inayotoka chini ya turbini ni sehemu kubwa ya jumla, na njia hiyo ndiyo huiokoa.

Kwa mantiki hii, “kipanuzi” lina haki kuliko “kitawanyishi”, ingawa nalo halitaji upole wa upanuzi. Upungufu huo uzibwe na fasili. Kamusi na iseme: kipanuzi ni sehemu ya bomba inayoongezeka upana kidogo kidogo ili mkondo upunguze kasi na kuongeza shinikizo bila kubanduka ukutani.