HIYO "FAST DELIVERY" YAKO NI SAA NGAPI?

Wafanyabiashara wenzangu, leo tuongelee neno moja tunalolibandika kwenye kila posti: "fast". Fast delivery. Delivery fasta. Juzi nimekuta hadi "fastly delivery", na Kiingereza cha kawaida hakina hiyo "fastly". Lakini sarufi si kesi yangu leo.

Mimi nauza magauni ya mtumba hapa Mchikichini. Mwaka jana dada mmoja wa Mbagala alinunua gauni Alhamisi mchana, la kuvaa Ijumaa jioni kwenye send-off ya mdogo wake. Mimi nilikuwa nimeandika "fast delivery Dar nzima". Kwangu fast ilimaanisha nasubiri zifike oda tatu nne za upande mmoja, nampa boda mmoja azungushe, nauli inapungua. Kwake fast ilimaanisha leo. Gauni lilifika Jumamosi asubuhi. Nikamrudishia elfu 35 yake, na nauli ya boda kwenda na kurudi ikaniangukia mimi. Hakunitukana. Aliandika tu, "Dada, ungesema Jumamosi ningetafuta lingine." Bora angenitukana.

Tangu siku hiyo neno hili sina imani nalo. Angalia, "fasta" tumeitoa kwenye "faster", ambayo kwa Kiingereza ni haraka zaidi. Zaidi ya nani? Mtaani tumelifanya liwe "haraka" tu, na sioni ubaya, lugha ndivyo inavyokua. Shida ni kwamba halina saa ndani yake. Mama akiwa jikoni akikwambia njoo fasta, ni dakika moja. Fasta ya fundi cherehani wote tunaijua.

Wenye magari ya mwendokasi wana haki ya jina lao, kwa sababu walipoanza 2016 walipewa njia yao wenyewe katikati ya Morogoro Road. Ile njia ndiyo kasi. Ukiiondoa, lile linabaki daladala refu. Sasa wewe unayeandika fast, njia yako iko wapi? Una boda wa kudumu au unamtafuta mteja akishalipa?

Halafu kuna kitu wauza nguo wengi hatukijui. Nguo ambayo rangi yake haichuji, Waingereza wanaiita "colour fast". Neno ni lile lile, ila hapo maana yake ni kushika, kutobanduka. Nakwambia mteja wangu wa Mbagala alihitaji hiyo fast ya pili kuliko ya kwanza.

Siku hizi naandika hivi: "Ukilipa kabla ya saa sita mchana, Ilala, Kariakoo, Magomeni na Temeke unapokea leo kabla ya saa moja usiku. Mbagala, Tegeta na Gongo la Mboto ni kesho. Mikoani, mzigo unapanda basi la kesho asubuhi, nakutumia picha ya risiti ya parseli." Ni ndefu, haina mvuto, na haikai vizuri juu ya picha. Sawa tu.

Wapo watakaosema ukiandika "kesho" mteja anakimbilia kwa aliyeandika "fast". Ni kweli, wamenikimbia kadhaa. Lakini anayekimbia kwa sababu nimemwambia kesho, angeondoka tu hiyo kesho, tena na hela mkononi na screenshot ya kunianika kwenye magrupu.

Na tusimsahau boda. Ukishamwahidi mteja fast, presha yote unamsukumia yeye. "Kaka uko wapi", "fasta basi", "mteja analalamika", meseji tano akiwa barabarani. Anazisoma anaendesha, mkono mmoja kwenye simu, mzigo wako umefungwa nyuma. Mimi boda wangu nimemwambia saa ya mwisho ya kufika, na nikishampa mzigo simpigii mpaka saa hiyo ipite.