Afya na Kazi: Vumbi la Risasi Halipigi Hodi

Kila kunapopambazuka, watu wa Magogoni na mitaa mingine ya Kisauni huvuka daraja la Nyali kwenda kutafuta riziki kisiwani, bandarini na katika viwanda vya Changamwe. Wamo wachukuzi, mafundi na makarani. Jioni hurudi na ujira wao, na baadhi yao hurudi pia na kitu wasichokijua, yaani vumbi lililoshika katika nguo, nywele na viatu. Miongoni mwa mavumbi ya viwandani, moja lililo baya sana ni lile la risasi.

Risasi inayosemwa hapa ni madini laini, mazito, yenye rangi ya kijivu, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya uzito wa betri ya gari. Betri ikichakaa haitupwi, kwa kuwa risasi iliyomo ina bei. Huvunjwa, bamba zake zikatolewa, kisha zikayeyushwa katika tanuri ili zitumike tena. Kazi hii ina faida, wala hailaumiwi ikifanywa kwa utaratibu. Lakini bamba zinapovunjwa vumbi huruka, na zinapoyeyushwa hutoka moshi mwembamba. Mtu huuvuta kwa pumzi, au hula vumbi pamoja na chakula alichokishika kwa mikono isiyooshwa. Kwa kuwa vumbi hilo haliwashi wala halinuki, wengi hulidharau.

Risasi ikiisha kuingia mwilini hukaa mifupani kwa miaka mingi. Humpunguzia mtu damu, humletea maumivu ya tumbo na uchovu, hupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo. Kwa mama mjamzito yaweza kuharibu mimba. Kwa mtoto mdogo hudhuru ubongo, na madhara hayo hayafutiki kwa dawa. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Wataalamu walilichunguza jambo hili nchini Kenya katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu na katika kiwanda cha kutengeneza betri mpya, wakatangaza matokeo mwaka 2012. Walipima damu ya wafanyakazi wa mitamboni na wa ofisini. Hewa ya mahali pa kuyeyushia ilikuwa na wastani wa maikrogramu 427 za risasi katika kila mita moja ya ujazo, na sheria ya Marekani hairuhusu kupita 50. Katika damu, wafanyakazi wa kuyeyusha walikuwa na wastani wa maikrogramu 62 kwa kila desilita. Na makarani wa ofisini je, ambao hawakushika betri hata moja? Wao walikuwa na 43.

Hapo ndipo penye fundisho. Karani hudhani kwamba hatari ni ya wenye ovaroli, na kwamba meza yake iko salama. Kumbe hewa ya ofisi zile nayo ilikuwa imepita kipimo. Vumbi halichagui cheo.

Wala halikomi kwenye lango la kiwanda. Katika kijiji cha Owino Uhuru, upande wa Changamwe na Mikindani, kiwanda cha Metal Refinery (EPZ) Limited kiliyeyusha betri tangu mwaka 2007 hata kilipofungwa mwaka 2014. Bibi Phyllis Omido aliajiriwa ofisini humo mwaka 2009, na mtoto wake mchanga akaugua. Alipopimwa alionekana ana risasi mwilini. Bibi huyo aliacha kazi akaanza kuwatetea wanakijiji, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2018 ulilinganisha watoto 65 wa Owino Uhuru na 65 wa kijiji cha Bangladesh kilicho jirani. Wastani wa risasi katika damu ya watoto wa Owino Uhuru ulikuwa maikrogramu 7.4 kwa desilita, na wa wenzao 3.7. Udongo wa Owino Uhuru ulikuwa na risasi zaidi ya mara kumi kuliko ule wa Bangladesh. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wanakijiji walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani iliipinga hukumu hiyo mwaka 2023, lakini Mahakama ya Juu ikairudisha mwezi wa Desemba 2024. Fedha hizo, hata zikilipwa zote, hazitaiondoa risasi mifupani mwa mtu.

Basi yafaa kuzuia mapema. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamlazimu mwajiri kulinda afya ya wote wafanyao kazi mahali pake, na penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Moshi wa tanuri na uvutwe kwa mitambo. Sakafu isafishwe kwa maji, isifagiliwe kavu. Mfanyakazi asile wala asivute sigara penye vumbi. Aoge na kubadili nguo kabla ya kurudi kwake, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto. Fundi wa betri wa kando ya njia naye asiyeyushe risasi katika ua wa nyumba.

Zaidi ya hayo, kila afanyaye kazi karibu na risasi, wa mitamboni na wa ofisini, adai kupimwa damu, na aambiwe hesabu iliyopatikana. Karani aliyezoea kuandika hesabu za watu wengine, na hii aiandike katika daftari lake mwenyewe, ailinganishe na ya kipimo kinachofuata. Ikipanda, asingoje kuugua ndipo aseme.