Mama aliyepita kwenye kura, bwana akaanguka

Wiki hii tuongee juu ya Martha Hughes Cannon wa Marekani. Alizaliwa Wales mwaka 1857, wazazi wakahamia naye Utah akiwa mtoto mdogo. Alitamani kuwa daktari, lakini pesa ilikosekana. Akafanya kazi ya kupanga herufi kwenye nyumba ya kuchapa, akaweka akiba ya masomo, na mwaka 1880 akapata diploma ya udaktari.

Mwaka 1896 alisimama kwenye kura za seneti ya jimbo la Utah. Bwana yake, Angus, naye alisimama, kwa chama kingine. Kura zilipohesabiwa, mama alipita, bwana akaanguka. Huyo ndiye mwanamke wa kwanza Marekani kuwa seneta wa jimbo.

Wengi wakisikia hapo wanacheka na kuishia hapo. Lakini kazi yake ndiyo ya kutazama. Alileta sheria ya kuunda baraza la afya la jimbo. Alileta nyingine ya kusomesha watoto viziwi na vipofu. Tena akataka wenye maduka wawape wanawake na wasichana wauzaji viti vya kukalia, maana walikuwa wakisimama kutwa.

Kwa hiyo tukichagua kiongozi, hata katika kikundi chetu cha akiba, tusiangalie tu kama anajua kushinda. Tumuulize: mama, ukikaa kwenye kiti hicho, nani mwingine atapata pa kukaa?